Koti Lililokwenda Likizo

Ilikuwapo nchi, na mtu asije akanisingizia kwamba ni hii yetu. Hii yetu ina watumishi wanaokaa ofisini mpaka viti vinaomba poo. Ile ninayoisema iko mbali, upande ule ambao ramani hukunjwa, na habari zake nimezipata kwa watu waaminifu walioniomba nisiwataje, wala nisitaje kwamba waliniomba.

Nchi hiyo ilikuwa na joto la kumfanya mjusi apite ukutani kwa kurukaruka. Hata hivyo kila mtumishi wa serikali alikuwa na koti zito la sufu, rangi ya majivu, alilopewa siku ya kuajiriwa. Mwasisi wa taifa, Mungu amrehemu, alisoma ng'ambo penye baridi, akarudi na imani kwamba asiye na koti hawezi kufikiri. Kulivaa, hakuna aliyeweza. Basi watumishi walilitundika mgongoni mwa kiti, na kwa kuwa koti lilikuwa kitini, mwenyewe alihesabika yupo. Mwanzoni mwenyewe alitoka kwenda kunywa chai tu. Baadaye akaenda kuangalia shamba. Wengine walifungua maduka, wengine wakaenda kuoa katika mikoa ya mbali, na mmoja wa Idara ya Mipaka inasemekana alihamia nchi jirani akawa diwani huko, huku koti lake nyumbani likipandishwa cheo kila mara kwa sababu ya utulivu wake kazini.

Mwishowe ikatungwa sheria: Mtumishi yupo lilipo koti lake. Bunge liliipitisha kwa kauli moja, na makoti yote yalikuwa ndani ya ukumbi siku hiyo.

Sasa, katika Idara ya Uthibitisho wa Uhai, Dirisha la Nne, alikuwapo mwanamke aitwaye Sikudhani binti Mwalami. Idara hiyo ndiyo iliyowathibitisha wazee waliostaafu kwamba bado hawajafa. Asiyethibitishwa alihesabiwa marehemu, hata kama amesimama mbele yako anakohoa. Sikudhani alikuwa mtumishi mwema ila alikuwa na kasoro moja, nayo ni kwamba kitini alikaa mwenyewe. Aliipenda kazi yake. Alipenda kuuona uso wa mzee anapoambiwa rasmi kwamba yu hai, jinsi unavyokunjuka, kana kwamba mzee mwenyewe alikuwa na wasiwasi kidogo. Wenzake walimvumilia. Walisema labda kwao hana shamba.

Ikatokea mama yake, Bi Mwajabu, akaanguka uani akipepeta mchele. Kiharusi kilichukua upande wake wa kulia na nusu ya maneno yake. Sikudhani hakuwa na ndugu wa kumwachia. Akaomba likizo bila malipo ili amuuguze. Ombi lilikaa mezani mbele ya koti la mkuu wa idara, na kwa kuwa koti halikukataa, likahesabika limekubali.

Mpaka hapo hakuna ubaya. Lakini mgonjwa alikuwa akilalamika baridi ya mifupani, baridi ambayo mablanketi mawili hayakuimaliza, na Sikudhani akalikumbuka koti. Akalitoa kitini, akalikunja, akalitia kwapani, akatoka nalo mlango wa mbele, mchana kweupe.

Aliyemwona ni Bi Stumai, mpangusa makoti wa idara. Huyu alipita na brashi yake kiti kwa kiti, akiyapangusa makoti vumbi na kuyaamkia yale ya wakubwa. Alipofika Dirisha la Nne na kuukuta mgongo wa kiti uko uchi, brashi ilimdondoka.

"Jamani!" alipiga ukelele. "Sikudhani ameondoka! Ameondoka kweli kweli!"

*

Serikali ilikaa kitako kufikiri. Mtu haondoki hivi hivi. Katika historia yote ya nchi ile hakuna aliyewahi kwenda likizo, kwa sababu anayetaka kupumzika alipumzika, na koti likaendelea kulitumikia taifa. Kama ni kumuuguza mama tu, wakasema wenye akili, si angeacha koti akaenda kuuguza kama wenzake? Kwa nini aage? Mtu mwenye nia safi haagi.

Redioni, mchambuzi mmoja alieleza kwamba likizo ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili hakuitaja, kwa usalama wa taifa. Mtaani wengine walisema mwanamke yule anakwenda kuanzisha chama. Wengine wakasema amegundua madini chini ya kitanda cha mama yake. Na wale wasiokuwa na la kusema walitikisa vichwa, na hao ndio walioaminiwa zaidi.

Idara ya Macho ikamchagua shushushu wake hodari, Bwana Chaurembo. Huyu kituo chake kilikuwa Dirisha la Taarifa, mwisho wa ukumbi ule ule wa Sikudhani, pale wananchi wanapokwenda kusemana. Akaliacha koti lake kitini kama ilivyo ada, akanunua sindano, uzi na gundi, akafungua kibanda cha fundi viatu mkabala na nyumba ya Bi Mwajabu.

Ushonaji hakuujua. Viatu alivyovishona vilifunguka kabla mwenyewe hajafika kona, na watu wa mtaa, ambao walizoea mafundi wabaya, wakaanza kumshuku kwa kuwa huyu alikuwa mbaya mno. Lakini wa kwanza kumjua alikuwa Bi Mwajabu. Alikuwa ameegemezwa mito barazani, koti la serikali limemfunika mapaja.

"Yule... si fundi," alisema, kila neno akilitoa kama mtu anayechomoa mwiba. "Shushushu."

"Mama, umejuaje?"

"Fundi viatu... mwenye viatu vizuri?"

Sikudhani aliangalia. Ni kweli, vilimeremeta.

"Mwite," mama akasema. "Jua kali. Aje... anipeleleze karibu."

Bwana Chaurembo alipiga hodi akiwa na aibu, akapewa kigoda na kikombe cha uji wa tangawizi. Kesho yake akaja tena. Mgonjwa alikuwa mzito na Sikudhani mgongo ulikuwa umekwisha, basi siku moja shushushu akajikuta ameshika miguu, binti ameshika mabega, wanamgeuza mama wa watu asitoke vidonda. Tangu hapo akawa ndiye mgeuzaji. Taarifa alizitoa kwa simu, kwa uaminifu wote.

"Leo amempa uji, afande."

"Jana ulisema uji. Nani anakunywa uji siku zote hizo? Huo uji una nini?"

"Tangawizi, afande. Halafu tukamgeuza."

"Akaangalia wapi?"

"Ukutani."

"Nyuma ya ukuta kuna nani?"

"Kuna mbuzi wa jirani, afande."

Upande wa pili kalamu ilisikika ikiandika. "Endelea kumwangalia huyo mbuzi," sauti ikasema.

Bi Mwajabu alifariki asubuhi moja mvua za vuli zilipokuwa zinaishia, koti likiwa limemfikia kidevuni. Sikudhani alilia kilio cha mtu aliyebaki peke yake duniani, na nisingependa kulitia hilo mzaha. Kwenda makaburini, Bwana Chaurembo alijitweka jeneza upande wa kichwani, akalia kuwapita wafiwa wenyewe, hata jirani mmoja akamshuku kuwa ni mtoto wa nje.

*

Arobaini ilipokwisha, Sikudhani alilipiga koti pasi, akalitupia begani, akarudi kazini. Alikuwa na hamu. Nyumba ilikuwa imemzidi ukimya, na alijiambia kwamba akikaa kwenye kile kiti, akaona sura za wazee zikikunjuka, naye ataanza kukunjuka.

Askari wa getini alimwangalia juu chini.

"Unatoka wapi?"

"Likizo."

"Likizo hii ya kweli?"

"Ya kweli."

Askari akarudi nyuma hatua. "Bibie, hapa hakuna utaratibu wa kurudi. Hapa watu hawarudi, maana hawaendi."

Alimpitisha baada ya kumkagua mifuko ya koti, akatoa kitambaa cha kufutia mgonjwa mdomo, akakinusa, akakishikilia kwa uchunguzi.

Ndani, kiti chake kilikuwa kimezungushiwa utepe mwekundu, kama mahali palipotokea ajali. Mbele ya madirisha mengine wazee walikuwa wamepanga foleni, kila foleni imeelekea koti lake, kwa adabu. Wa Dirisha la Nne walikuwa wamehamia la Tatu na la Tano, kwani heri koti kuliko kiti kitupu. Wawili kati yao walikuwa wameshakufa wakisubiri kuthibitishwa kwamba wako hai.

Bi Stumai alimvuta pembeni, brashi mkononi.

"Shoga, niambie mimi tu. Ulikwenda wapi?"

"Kumuuguza mama, Stumai."

"Haya. Na nani mwingine?"

"Mama tu. Amefariki."

"Maskini! Pole sana, mwenzangu. Mungu amlaze pema." Stumai akasogea karibu zaidi. "Na huyo marehemu... alikuwa chama gani?"

Ikawa hivyo kila alikogeuka. Akisalimia, watu waliijibu salamu nusu, nusu nyingine wakaiweka akiba. Akinyamaza, walisema amefundishwa kunyamaza. Akicheka, je, anamcheka nani? Baada ya muda hata yeye alianza kujitilia shaka. Alikaa akijiuliza kama kweli alikwenda kwa ajili ya mama, au kulikuwa na jambo lingine ambalo watu wote hawa wenye busara wameliona, yeye tu hakuliona. Mtu akikuita mwizi kila siku, utaanza kupapasa mifuko yako mwenyewe.

Akaitwa mbele ya tume.

*

Tume ya Kuchunguza Kuondoka kwa Kweli iliongozwa na Mheshimiwa Mwinyigogo, mtu mwenye vyeo vingi kiasi kwamba aliyemtambulisha alipumzika katikati akanywa maji.

"Ndugu wajumbe," alianza Mheshimiwa, "taifa ni kiti. Na kiti bila koti ni nini? Ni mbao! Ni misumari! Leo mmoja anachukua koti lake kwenda kumfunika mama. Kesho mwingine atachukua lake kwenda kumfunika baba. Keshokutwa, waheshimiwa, tutafunikwa na nani?"

Wajumbe walipiga meza. Mmoja alitokwa na machozi na akaomba yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

"Bi Sikudhani, una shahidi kwamba ulikuwa ukiuguza?"

"Ninaye, mheshimiwa. Mlimtuma wenyewe."

Bwana Chaurembo akasimama, kofia mkononi. Akaapa. Akasema aliyoyaona, ya uji, ya kugeuza, ya mbuzi, ya jeneza. Sauti ilimkatika alipofika kwenye jeneza. Sikudhani alimsikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akahisi kwamba ameaminiwa, moyo ukatua.

Mheshimiwa Mwinyigogo alivua miwani.

"Bwana Chaurembo, wakati wote huo koti lako lilikuwa wapi?"

"Kitini, mheshimiwa. Dirisha la Taarifa."

"Halikutoka hata mara moja?"

"Halikutoka."

"Basi ulikuwa ofisini."

"Nilikuwa kwa Bi Mwajabu, mheshimiwa! Nimemgeuza kwa mikono hii!"

"Mpangusa makoti ameapa hapa kwamba amelipangusa koti lako kila Jumatatu, na kila Jumatatu ulikuwapo, umetulia. Unataka kutuambia Bi Stumai alikuwa akipangusa hewa?"

Bi Stumai aliinua brashi juu, amekasirika. Sifa yake ya kazi ilikuwa haijawahi kuguswa.

Ilimwingia Bwana Chaurembo polepole kwamba kwa mujibu wa sheria hakuwahi kutoka ofisini, hakunywa uji wowote, na yule mama aliyemwita mwanangu siku zake za mwisho alimwita mtu mwingine. Alikaa chini akiitazama mikono yake.

"Kwa hiyo shahidi hayupo," Mheshimiwa alisema. "Lakini serikali yetu ina huruma. Hukumu ni hii. Bi Sikudhani alitundike koti lake kitini, aende zake nyumbani, na utumishi wake utahesabika haukuwahi kukatika. Shaka itakuwa imekwisha. Atapanda vyeo kama wenzake."

"Na dirishani atakaa nani?" Sikudhani aliuliza.

"Koti."

"Na wazee?"

"Wazee wamezoea."

Wajumbe walimtazama kwa hisani, kama watu waliompa mtu zawadi na wanasubiri apige magoti. Ilikuwa zawadi kweli. Angeweza kukubali, na watu wangemsalimia tena salamu nzima. Sikudhani alishika ukosi wa koti, na harufu ikampanda puani, mafuta ya mkaratusi aliyokuwa akimchulia mama kifuani, na jasho la mgonjwa, na tangawizi.

"Siliachi, mheshimiwa," alisema. "Mama yangu amekufa amejifunika hili. Siwezi kuliacha likapigwa brashi. Na kazi yangu naitaka, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Nyumbani hakuna mtu."

Ukumbi ulinong'ona. Naitaka kazi! Sasa nia yake ilikuwa imejifichua.

"Huwezi kuwa na vyote viwili," Mheshimiwa alisema kwa ukali. "Sheria inataka koti liwe kitini."

"Saa zote za kazi?"

"Saa zote za kazi."

"Basi litakuwa kitini, mheshimiwa. Nitalivaa, nikae. Mimi nitakuwa ndani yake."

Mwanasheria wa tume aliipekua sheria mbele na nyuma, akalamba kidole na kuipekua tena. Palikuwa na adhabu ya kuondoa koti, ya kuazima koti, ya kulikalia koti la mkubwa. Kuhusu mtu kuwemo ndani ya koti hapakuwa na neno. Waliotunga hawakuwahi kulifikiria jambo la ajabu kiasi hicho.

"Haikatazwi," alikiri hatimaye, akijifuta jasho.

Mheshimiwa Mwinyigogo alimtazama Sikudhani kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama nyoka aliyepiga saluti.

"Sawa. Lakini ukilivua, umetoka, na ukitoka hutarudi. Na utaangaliwa. Bwana Chaurembo! Utaendelea kumwangalia mwanamke huyu."

"Nimwangalie kutokea wapi, mheshimiwa?"

"Kutokea pale pale ulipokuwa ukimwangalia siku zote!"

Bwana Chaurembo alifikiri, uso ukamkunjuka taratibu. Nje ya ukumbi, Sikudhani hakumwuliza kitu. Alimpa ufunguo wa nyumba, akamwambia mchicha wa uani haujamwagiliwa tangu juzi.

*

Utepe mwekundu ulikatwa. Sikudhani akavaa koti, akafunga vifungo, akakaa.

Joto la siku hiyo lilikuwa la kukaangia yai. Jasho lilimtiririka shingoni likaingia kwenye sufu, na mkaratusi ukaamka upya, hata alipofumba macho aliona kama mtu amekaa naye kitini. Alifungua dirisha.

"Karibuni!" aliita.

Hakuna aliyesogea. Foleni za la Tatu na la Tano ziligeuza vichwa pamoja. Koti la Dirisha la Nne lilikuwa limesema. Wazee walisukumana, tangulia wewe, aa, tangulia wewe, mpaka akasukumwa mbele Mzee Akilimali, mkuu wa stesheni mstaafu, ambaye alikuwa marehemu wa serikali tangu Sikudhani aondoke.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Akilimali alijibu kwa tahadhari, akichungulia nyuma ya kiti kuona nani anayesema.

Sikudhani alimtazama usoni. Alimkumbuka, zamani alikuwa na meno mengi zaidi. Akagonga muhuri.

"Tayari, mzee wangu. Uko hai. Hongera."

Mzee aliipokea karatasi, akaigeuza, akaiinua kwenye mwanga. Sikudhani alimsubiri uso ukunjuke. Uso ulizidi kukunjamana.

"Tayari vipi? Mbona upesi hivi?"

"Nimekuona, mzee. Unapumua."

"Hata kunibonyeza hukunibonyeza! Mwaka mzima nimesimama mbele ya koti pale, halijanikimbiza, halijaniambia njoo kesho, tumeheshimiana. Wewe umekuja leo, unatabasamu, unanipa uhai mara moja." Akaishusha sauti. "Binti, unataka nini kwangu?"

"Sitaki kitu, mzee."

"Ahaa," alisema Mzee Akilimali, kama mtu aliyekuwa akilisubiri jibu hilo hilo.

Maneno yalimchoma Sikudhani. Kwa ajili ya uso ule alikuwa ameikataa zawadi ya serikali, na uso wenyewe ulimtazama kama ulivyomtazama ule wa askari wa getini. Alijifuta jasho kwa mkono wa koti. Alitamani, kwa kitambo kidogo, kulivua.

Mzee Akilimali aliikunja karatasi yake, akaificha kifuani ndani kabisa, kisha akaenda moja kwa moja mpaka mwisho wa ukumbi, Dirisha la Taarifa, kwenda kumsemea. Sikudhani alimfuata kwa macho. Alimwona akivua kofia, akiinama kwenye kitundu cha kioo, akianza kueleza, kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili, mambo yote kuanzia tabasamu.

Na kitini, limepanguswa vizuri, koti la Bwana Chaurembo lilimsikiliza mpaka mwisho, wala halikumkatiza.

"Anayefuata," Sikudhani akaita.